Programu Huria Si Programu za Bure

Neno bure katika Kiswahili lina maana mbili. Kwanza ni kitu kipatikanacho pasipo malipo. Pili ni kitu kisicho faida wala thamani, kama mtu alalamikapo kwamba jasho lake limekwenda bure, au amwitapo mwenziwe mtu bure. Maana hizi zimekaa nyumba moja muda mrefu hata msikilizaji huzisikia zote mbili kwa mara moja. Kwa hiyo wale walioileta Linux na jamaa zake katika vyuo vya Afrika Mashariki kwa jina la "programu za bure" walizidhuru siku ile ile walipozitangaza. Mwanafunzi alisikia kwamba amepewa kitu kilichokosa mnunuzi, na mwalimu wake alisikia kwamba ameletewa kitu cha maskini. Wote wawili wakashukuru kwa adabu, kisha wakarudi kwenye programu walizozizoea.

Kosa hili halina udhuru, maana Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza hakina. Waingereza wanalo neno moja tu kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiyefungwa, na wale walioanzisha harakati za programu hizi huko Marekani wamelazimika kwa miaka zaidi ya arobaini kueleza kila siku kwamba wanalolinena ni uhuru, wala si bei. Mswahili hana haja ya kuchoka hivyo. Analo neno huru, na analo neno huria, la mzizi ule ule wa Kiarabu, ambalo lilitumika pale Tanzania ilipoanzisha, kwa sheria ya mwaka 1992, Chuo Kikuu Huria. Hakuna aliyedhani kwamba chuo hicho hakitozi ada. Kila mtu alifahamu kwamba huria ni mlango usiozuiliwa na kuta za darasa. Basi ikiwa neno lilikuwapo, likafahamika, likawa hata jina la chuo kizima, ni uvivu gani uliowafanya wasomi walitupe na kuokota bure?

Wala madhara ya uvivu huo si ya jina peke yake. Aitaye kitu cha bure amekwisha kukipima kwa bei, na katika bei programu huria hazina ushindi katika nchi hizi. Mtu anunuapo kompyuta iliyotumika katika duka la mtaani, Dar es Salaam au Nairobi, aghalabu huipokea ikiwa imekwisha tiwa Windows na programu za ofisi ambazo hakuna aliyezilipia. Fundi hupewa ujira wa kuziweka. Mwenye mali hapewi kitu. Mnunuzi huyo akiambiwa kwamba Linux ni ya bure, atajibu, na jibu lake ni la haki, kwamba na hizi alizo nazo ni za bure vile vile, tena ndizo watumiazo wenzake. Hoja ya bei hufa hapo hapo mlangoni mwa duka. Imekufa mara nyingi, na bado wapo wanaoirudia katika semina kana kwamba haijapata kujibiwa.

Hoja iliyo hai ni nyingine kabisa. Programu ni maandishi. Mtungaji huyaandika katika lugha ambayo binadamu aliyejifunza aweza kuisoma, kisha maandishi hayo hugeuzwa kuwa tarakimu za moja na sifuri ambazo mashine huzitenda, lakini binadamu hawezi kuzifuata. Mwenye programu iliyofungwa hutoa tarakimu, akayaficha maandishi. Mwenye programu huria hutoa vyote viwili, na pamoja navyo hutoa ruhusa nne: ruhusa ya kuitumia kwa kazi yoyote, ruhusa ya kuichunguza na kuibadilisha, ruhusa ya kuwagawia watu nakala zake, na ruhusa ya kuwagawia hata nakala iliyokwisha badilishwa. Nakala ya wizi haina hata moja katika hizo. Aliyeiba nyumba iliyofungwa hakupata ufunguo kwa kuiba. Yumo ndani ya nyumba ya mtu, hawezi kutoboa dirisha, na hajui ni lini atatolewa.

Hebu na itazamwe hali ya chuo kikuu chenyewe. Mwanafunzi akinakili ukurasa mmoja wa tasnifu ya mwenziwe pasipo kumtaja, huitwa mbele ya kamati, na pengine hufukuzwa. Ni sawa, elimu haisimami bila ya uaminifu. Walakini barua ya kumwita huenda imepigwa chapa kwa programu ya wizi, na takwimu za mwalimu anayeketi katika kamati zilichambuliwa kwa programu ya wizi, ambayo ili ikubali kufanya kazi ilihitaji kijiprogramu cha kuvunja kufuli, nacho kikataka kwanza kinga ya virusi izimwe. Mlinzi aliombwa aende kulala ili mgeni asiyejulikana apite. Baadaye flashi zikaanza kugeuza makabrasha kuwa njia za mkato, kazi za miezi mitatu zikatoweka, na lawama ikaangukia umeme, au mhudumu wa maabara, au kompyuta yenyewe. Kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki amepata kusimama katika steshenari, flashi mkononi, akiambiwa kwamba kazi yake haionekani.

Wale waliozianzisha programu huria walianza na jambo dogo kuliko hilo. Richard Stallman alikuwa mtaalamu katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT. Maabara ilipewa printa mpya iliyokuwa na tabia ya kukwamisha karatasi, naye alitaka kuirekebisha programu yake ili iwaarifu watu kila ikwamapo, kama alivyokuwa amefanya kwa printa ya awali. Akaomba maandishi ya programu hiyo, akanyimwa, kwa kuwa aliyekuwa nayo alikuwa amefungwa kwa ahadi ya siri. Mwezi wa Septemba 1983 akatangaza nia ya kutunga mfumo mzima wa kompyuta usio na siri, akauita GNU, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya kuulinda, iitwayo GPL.

Leseni hiyo huwatatiza wengi wakiisoma kwa Kiingereza cha wanasheria, lakini mtu wa pwani ataifahamu upesi akikumbuka wakfu. Mtu huchimba kisima, akakitoa wakfu. Tangu siku hiyo kila mpita njia huteka. Hakuna awezaye kukiuza, wala mrithi hawezi kukizungushia ua na kusema ni chake. GPL ni wakfu wa maandishi. Aipokeaye programu aweza kuibadilisha apendavyo, lakini akiwagawia watu alichokibadilisha hana budi kuwapa na maandishi yake, kwa masharti yale yale aliyopewa yeye. Na wakfu wa maandishi unayo fadhila ambayo kisima hakina: maji hupungua kwa kutekwa, programu haipungui. Ni kweli zipo leseni nyingine za huria, zilizo nyepesi, ambazo humruhusu mtu kuchukua, kubadilisha na kufunga. Lakini hilo ni suala la wanasheria na halibadili shauri hili.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alitunga kiini, yaani ile sehemu ya mfumo inayogawa kazi baina ya programu na viungo vya mashine, ambayo GNU ilikuwa bado haijaikamilisha. Hapa pana jambo ambalo wanaosema "ya bure" hawana budi kulizingatia. Leseni ya kwanza ya Linux iliwakataza watu kutoza fedha kwa kuigawa: ilikuwa ya bure kwa maana halisi ya neno. Mwaka 1992 Torvalds akaiacha leseni hiyo, akaiweka Linux chini ya GPL, ambayo humruhusu mtu yeyote kuiuza. Ilipokoma kulazimishwa kuwa ya bure na kuwa huria, ndipo ilipoenea. Makampuni yakaifunga katika masanduku, yakauza msaada na mafunzo. Mwaka 2019 kampuni ya IBM iliinunua Red Hat, ambayo kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, kwa dola zipatazo bilioni 34. Hizo si fedha za kitu cha bure.

Wapinzani watasema kwamba historia ni nzuri lakini Linux ni ngumu. Hoja hii yastahili jibu la kina, kwa sababu yatoka katika maisha ya kila siku, na kwa sababu wapenzi wa Linux wameijibu vibaya. Kuna jamaa kati yao ambao mtu mgeni akiwauliza swali humjibu kwa kejeli, au humpa amri ya maneno kumi ainakili asiyoifahamu. Hao wameifukuzia Linux watu wengi kuliko tangazo lolote la wauzaji. Mtu aulizaye kwa nini sauti haitoki katika kompyuta yake anataka kusikia sauti. Hotuba juu ya uhuru yaweza kungoja.

Na kwanza isemwe wazi kwamba asemaye hajapata kutumia Linux, aghalabu amekosea. Simu ya Android iliyomo mfukoni mwake imejengwa juu ya kiini hicho hicho. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko nyingine duniani huendeshwa kwa Linux. Seva nyingi za mtandao anaouvinjari ni za Linux. Kilichobaki kigeni kwake ni meza yake tu.

Juu ya meza hiyo ugumu upo, lakini haupo pale unapodhaniwa. Kuandika barua, kusoma kitabu, kuvinjari mtandao, kutazama picha: hayo mtu huyazoea kwa siku mbili, maana vitufe viko karibu na pale vilipokuwa. Ugumu huja katika mambo matatu. La kwanza ni mitambo. Baadhi ya vipokezi vya Wi-Fi hutengenezwa na makampuni yanayoficha maelezo yake, na Linux mpya iliyowekwa huenda isiione hewa. Kwa hiyo mwenye busara haweki kabla ya kujaribu. Huandika mfumo katika flashi, huiwasha kompyuta kutoka katika flashi hiyo bila kugusa kilichomo ndani, akapima Wi-Fi, sauti, kamera na projekta ya darasani. Visipokubali, huchomoa flashi na kompyuta hubaki ilivyokuwa. Na Wi-Fi ikikataa peke yake, simu iliyounganishwa kwa waya wa USB yaweza kuipa kompyuta mtandao wakati uo huo, hata kiendeshaji kinachokosekana kipakuliwe. Jambo hili dogo lingewaokoa wengi waliokata tamaa saa ya kwanza.

La pili ni nyaraka. Mwanafunzi huandika kwa LibreOffice, akapeleka kazi steshenari, ikafunguliwa kwa programu nyingine, na kurasa 40 zikawa 43, na majedwali yakavunjika. Hulaumiwa Linux. Aghalabu sababu ni herufi: waraka ulioandikwa kwa Calibri au Cambria hufunguliwa katika kompyuta isiyo na herufi hizo, zikatiwa nyingine zilizo pana au nyembamba. Zipo herufi huria, Carlito na Caladea, zilizochongwa kwa upana ule ule hasa ili mistari isihame. Na Liberation Serif hushika nafasi ya Times New Roman. Lakini dawa iliyo fupi kuliko zote ni kwamba kazi iendayo kuchapwa na iende ikiwa PDF, na kazi inayoandikwa na watu wawili na ibaki katika muundo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Hata watumiaji wa Windows wangefuata kanuni hii, kelele za usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi tasnifu zingepungua.

La tatu ni dirisha la amri, lile jeusi litishalo watu. Hakuna alazimishwaye kulifungua kwa kazi za kawaida, lakini anayelikimbia hujinyima. Katika Windows kila programu huja kwa njia yake, na kila moja hudai kuhuishwa kwa wakati wake. Katika Ubuntu, Mint au Debian, programu karibu zote hutoka katika ghala moja, zimetiwa muhuri, nazo huhuishwa zote pamoja kwa amri mbili fupi: sudo apt update, kisha sudo apt upgrade. Na katika maabara yenye kompyuta 50 na mtandao hafifu, mtaalamu aweza kuweka nakala ya ghala hilo ndani ya chuo, kitu kikapakuliwa mara moja na kutumika mara hamsini. Hili ni halali kabisa, wala haliombwi ruhusa kwa mtu. Ila mtumiaji na aonywe kuhusu neno sudo. Neno hilo humpa amri ifuatayo mamlaka juu ya mashine nzima. Mtu asiandike baada yake maneno aliyoyanakili mahali asipopajua, kama vile asivyotia sahihi hati asiyoisoma.

Na anayeweka mfumo kwa mara ya kwanza afanye mambo mawili mengine ambayo atayashukuru baadaye: mafaili yake ayatengee sehemu yake katika diski, mbali na mfumo, ili siku ya kuuweka upya yasiguswe; na nakala rudufu iwe katika kifaa kingine kabisa. Linux haikingi diski isife.

Zipo kazi ambazo kwazo programu huria bado hazitoshi. Kuna mashine za maabara zisizozungumza ila na Windows, na kuna kazi za usanifu ambazo ofisi zote za mji huzifanya kwa programu moja iliyofungwa. Anayetafuta ajira huko hana budi kuijua. Kukana hayo ni ushabiki. Lakini ni ajabu iliyoje kwamba katika jambo ambalo chuo kikuu hakina udhuru wowote, yaani takwimu, ndimo wizi ulimoenea! Wanafunzi wa uzamili hupokezana nakala zilizovunjwa za SPSS mwaka hata mwaka, ilhali programu ya R, iliyoanzwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, katika miaka ya 1990, ni huria tangu 1995, na ndiyo watumiayo wanatakwimu wenyewe katika vyuo vikubwa vya dunia. R huandikwa, haibonyezwi. Na kwa kuwa huandikwa, kila hatua ya uchambuzi hubaki katika karatasi, na mtahini aweza kuirudia mwenyewe apate jibu lile lile au asipate. Mtafiti aliyebonyeza menyu katika programu ya wizi hana cha kuonyesha ila jedwali. Mwalimu amwambiaye mwanafunzi kwamba R ni ngumu, na asema hivyo baada ya kumfundisha kanuni za uthibitisho, amejipinga mwenyewe.

Hoja ya mwisho ya wapinzani ndiyo kali. Husema: kilicho wazi kwa wote ki wazi kwa mwizi pia. Jambo la mwezi wa Machi 2024 lilionekana kuwapa haki. Katika xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotegemewa na mifumo mingi ya Linux, palipenyezwa mlango wa siri na mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa amejipendekeza kwa msaada wake hata akakabidhiwa sehemu ya ulinzi wa programu hiyo. Mlinzi wa asili alikuwa mtu mmoja, amechoka, hana msaidizi, wala halipwi. Mlango huo uligunduliwa na mhandisi Andres Freund aliyeona kwamba kuingia katika mashine yake kwa mbali kulichelewa kwa takriban nusu sekunde, akashangaa, akafuatilia. Mambo mawili na yasemwe hapa. Freund aliweza kufuatilia kwa sababu maandishi yalikuwapo ya kufuatilia; katika programu iliyofungwa angeliandika barua kwa mwenyewe na kungoja. Lakini pia, macho mengi hayaoni kitu yasipotazama. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro iitwayo Heartbleed katika OpenSSL, ambayo hulinda siri za mtandao, nayo ilikuwa imekaa humo miaka miwili, wazi kwa kila asomaye, na hakuna aliyesoma. Huria hutoa haki ya kusoma. Kusoma kwenyewe ni kazi, na kazi hiyo ina gharama, na gharama hiyo ndiyo ambayo neno bure limewasahaulisha watu. Chuo kitumiacho programu hizi miaka ishirini pasipo kupeleka hata ripoti moja ya kosa, hata marekebisho ya ukurasa mmoja wa maelezo, kimeteka kisimani miaka ishirini bila kuondoa jani lililoangukia majini.

Wala isidhaniwe kwamba kuchangia ni kwa wageni. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya, Wakenya wachache na rafiki zao walitunga, mwanzoni mwa 2008, programu ya kukusanya habari za wananchi na kuzionyesha katika ramani. Wakaiita Ushahidi, kwa Kiswahili, wakatoa maandishi yake. Ilitumika Haiti katika tetemeko la 2010. Huko Eldoret, tangu 2006, kumbukumbu za wagonjwa zimewekwa kwa OpenMRS, ambayo sehemu ya mizizi yake imo katika kliniki za mji huo huo. Mfumo wa DHIS2, ulioanzia katika mageuzi ya afya ya Afrika Kusini baada ya 1994 na kukuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ulienezwa Kenya nzima mwaka 2011, na Tanzania, Uganda na Rwanda nazo huutumia. Idadi ya watoto waliochanjwa wilayani huhesabiwa humo. Serikali haziutumii kwa kuwa ni wa bure. Zimelipa seva, mafunzo na mishahara. Huutumia kwa kuwa zaweza kuurekebisha ufuate hospitali zao. Na msomaji wa maktaba ya chuo asishangae akiambiwa kwamba orodha ya vitabu anayoipekua, katika maktaba kadhaa za Afrika Mashariki, huendeshwa na Koha, programu iliyotungwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba ya mji mdogo. Koha ni neno la Kimaori: zawadi, lakini zawadi ambayo mpokeaji hujua kwamba naye ana wajibu. Wamaori hawakuita bure.

Ama Kiswahili chenyewe, hapo ndipo aibu ilipo. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Watafsiri hawakuomba ruhusa kwa kampuni yoyote, wala hawakungoja mfanyabiashara ahesabu kama Waswahili ni soko. Walifungua maandishi, wakatafsiri. Katika programu iliyofungwa jambo hilo haliwezekani. Lugha huingia siku mwenye mali apendapo, hutoka siku achokapo, na istilahi huchaguliwa naye. Wasomi wa Kiswahili walipaswa kuiona siku ile kuwa sikukuu yao. Walipiga makofi, wakapigwa picha, wakarudi ofisini kuandika makala juu ya uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi, na makala hayo wakayaandika katika programu ya Kiingereza.

Programu za namna hii hutolewa upya kila mwaka, na tafsiri isiyofuatwa huachwa nyuma haraka. Kuifuata si kazi ya fedha nyingi. Ni sentensi fupi fupi, elfu kwa elfu, ambazo kila moja humtaka mtafsiri aamue neno. Katika idara za Kiswahili kuna wanafunzi ambao kila mwaka hupewa zoezi la kutafsiri kifungu ambacho hakuna atakayekisoma isipokuwa msahihishaji, kisha kikatupwa. Zoezi lile lile lingeliweza kuwa menyu ya LibreOffice, au kamusi ya kusahihisha tahajia, au maelezo ya R, na alama zikatolewa vile vile, na kazi ikabaki. Mabishano ya istilahi yanayofanyika katika kumbi za mikutano yangefanyika mbele ya watumiaji, ambao huamua kwa kutumia. Atakayesema kwamba idara ya lugha haina ujuzi wa kompyuta, na ajue kwamba kutafsiri menyu hakuhitaji kujua kutunga programu hata kidogo. Kunahitaji kujua Kiswahili.

Kwa sasa yapo mambo yanayodai uamuzi wa haraka. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuipa Windows 10 marekebisho ya usalama, ila kwa waliojiandikisha katika muda wa nyongeza. Windows 11 hudai chipu ya usalama na prosesa ambazo kompyuta nyingi zilizotoka viwandani kabla ya 2018 hazina. Maabara za vyuo vya Afrika Mashariki zimejaa kompyuta za umri huo, nyingi zikiwa zimekuja tayari zimetumika Ulaya. Ni nzima, huwaka, huandika, huhesabu. Zikiachwa kama zilivyo, nyufa zake za usalama zitabaki wazi mwaka hata mwaka. Na pale zilipokwisha kuandikwa kwamba hazifai, wauzaji wako njiani na bei zao. Mashine yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu yaweza kufanya kazi kwa Linux Mint yenye meza nyepesi, au kwa Lubuntu, tena ikapata marekebisho ya usalama kwa miaka. Kabla orodha ya ununuzi haijatiwa sahihi, na ichukuliwe moja katika kompyuta zilizoandikwa kwamba hazifai, itiwe flashi, iwashwe, na wajumbe wa kamati ya ununuzi waketi mbele yake kwa muda wa saa moja, waandike humo muhtasari wa kikao chao.